Barakoa na Mazoezi kwa Mwenye Ugonjwa wa Moyo: Punguza Mwendo, Usiache

Daktari amekwambia utembee kila siku. Halafu kuna barakoa: wodini unakokwenda kumjulia hali ndugu yako, kliniki ambako wanaokohoa wamejaa benchi zima, kwenye barabara ya vumbi unayopita kwenda uwanjani, au nyumbani msimu wa mafua unapokolea. Unaivaa, unaanza kupanda ngazi, na kabla ya kufika ghorofa ya pili unahema kuliko ulivyozoea. Swali linakuja lenyewe: barakoa hii inaunyima moyo wangu hewa?

Jibu fupi ni hapana. Kwa mtu ambaye ugonjwa wake umetulia na anayetembea kwa mwendo wa wastani, barakoa haipunguzi oksijeni ya damu kiasi cha kuudhuru moyo. Inachofanya ni kuongeza kazi ya kuvuta pumzi na kukufanya uhisi umechoka mapema. Kinachotakiwa kubadilika ni mwendo, mahali, saa na aina ya barakoa. Mazoezi yenyewe yabaki, kwa sababu kukaa kitako mwezi baada ya mwezi kunaudhoofisha moyo kuliko kitambaa chochote.

Mwongozo huu unamhusu mtu mzima mwenye ugonjwa wa moyo uliothibitishwa hospitali, anayetumia dawa zake, na aliyeruhusiwa kufanya mazoezi. Kama hujaruhusiwa, anza na sehemu ya tatu.

1. Kinachotokea nyuma ya barakoa

Wengi hudhani barakoa huzuia hewa nzuri isiingie. Tazama ukubwa wa vitu vyenyewe. Barakoa ya N95 hupimwa kwa chembechembe za takriban maikromita 0.3, na hutakiwa kunasa angalau asilimia 95 ya hizo. Molekuli ya oksijeni ni ndogo kuliko chembe hiyo karibu mara elfu moja. Inapenya kati ya nyuzi bila shida, na hewa ya ukaa unayoitoa inapenya vilevile.

Kinachokawizwa ni mkondo wa hewa. Ukiwa umekaa, mapafu huvuta takriban lita 6 hadi 8 kwa dakika, na barakoa huisikii. Ukitembea haraka, kiasi hicho hupanda mara tatu au nne. Mwanariadha anayekimbia kwa nguvu zake zote huweza kupita lita 100. Hewa inapotakiwa kupita nyingi kwa muda mfupi, nyuzi huikawiza zaidi, na misuli ya kifua hulazimika kuvuta kwa nguvu zaidi.

Misuli hiyo nayo inakula damu. Kwa mtu mwenye afya hilo ni jambo dogo. Kwa mtu ambaye moyo wake umepanuka au umedhoofika, damu inayosukumwa ina kikomo. Misuli ya kupumulia ikidai zaidi, miguu inapata pungufu na kuchoka mapema. Ndiyo maana mwenye moyo dhaifu huisikia barakoa kuliko jirani anayetembea naye.

Kuna mambo mengine mawili. Sehemu ndogo ya hewa uliyoitoa hubaki kati ya barakoa na uso, nawe huivuta tena, hivyo hewa ya ukaa katika damu inaweza kupanda kidogo na kukufanya upumue kwa kasi. Pili ni joto. Ngozi iliyozunguka pua na mdomo ina neva nyingi, na mvuke ukikusanyika hapo ubongo huweza kuona kama unakosa hewa, hata damu ikiwa na oksijeni ya kutosha. Hisia hiyo ni ya kweli wala hujajitungia. Ila hisia ya kukosa hewa na kukosa oksijeni ni vitu viwili tofauti.

2. Tafiti zimeonyesha nini

Mwaka 2020, watafiti wa Leipzig, Ujerumani, waliwapandisha wanaume 12 wenye afya kwenye baiskeli ya kupimia na kuwaendesha mpaka waishiwe nguvu. Walipovaa FFP2, ambayo ni ndugu wa Ulaya wa N95, kiwango cha juu cha oksijeni ambacho mwili uliweza kutumia kilishuka kwa takriban asilimia 13, na nguvu ya mwisho ya kukanyaga ikashuka kwa takriban asilimia 5. Hospitali ya moyo ya Centro Cardiologico Monzino ya Milan nayo ilipima wanaume na wanawake 12, ikaona upungufu wa karibu asilimia 10. Chuo Kikuu cha Saskatchewan, Kanada, kilipima vijana 14 waliovaa barakoa za kitambaa na za upasuaji, na hakikuona tofauti ya maana, si katika oksijeni ya damu wala katika muda waliokanyaga. Tena kabla ya Uviko, mwaka 2018, ulichapishwa Ufaransa utafiti wa watu 44 wenye afya waliotembea dakika sita na barakoa ya upasuaji: umbali walioukata haukubadilika, lakini walihisi kuhema zaidi.

Zisome pamoja utaona jambo moja. Barakoa hukata kile kipande cha juu kabisa, pale mtu anapojikamua hadi mwisho. Hapo mgonjwa wa moyo hatakiwi kufika, avae au asivae. Katika mwendo wa kutembea, kinachobadilika zaidi ni hisia. Lakini hao walikuwa wazima, na wengi wao vijana. Wewe jiachie nafasi kubwa zaidi kuliko yao.

Utafiti unaowagusa wagonjwa wa moyo moja kwa moja ulifanyika Beijing na kuchapishwa mwaka 2012. Wagonjwa 98 wenye ugonjwa wa mishipa ya moyo walitembea saa mbili katikati ya jiji, katika hewa iliyojaa moshi wa magari, siku moja wakiwa na barakoa inayochuja vizuri na siku nyingine bila. Siku ya barakoa walilalamika dalili chache, shinikizo lao la damu lilikuwa chini, na kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha ishara chache za moyo kukosa damu. Kwa hiyo hewa ikiwa chafu, barakoa huweza kuusaidia moyo uleule tuliokuwa tukihofia utaumia. Sababu inajulikana: chembechembe laini za moshi huingia ndani kabisa ya mapafu, huchochea uvimbe na kuifanya mishipa ya damu ikaze.

3. Nani amwone daktari kwanza

Usianze mazoezi, kwa barakoa au bila, kabla ya kuzungumza na daktari wako kama una lolote kati ya haya:

- Kifua kinabana ukiwa umepumzika, au kinabana mara nyingi au kwa urahisi zaidi kuliko mwezi uliopita.
- Umepata mshtuko wa moyo, umewekewa stenti au umepasuliwa moyo karibuni, na hujapewa ratiba ya mazoezi.
- Miguu imevimba, unalala kwa mito mitatu au unaamka usiku kutafuta hewa.
- Mapigo ya moyo yanaruka ovyo, au umewahi kuanguka na kuzimia.
- Presha ukiwa umetulia ni 180 kwa 110 au zaidi.
- Una valvu iliyobana sana, au shinikizo kubwa katika mishipa ya mapafu.
- Una ugonjwa wa mapafu pamoja na wa moyo, kama pumu isiyodhibitiwa au makovu ya kifua kikuu cha zamani.
- Una homa. Virusi huweza kuingia kwenye misuli ya moyo, na mazoezi wakati huo ni hatari. Pumzika mpaka homa iishe, kisha urudi taratibu.

Afrika Mashariki tuna wagonjwa wa moyo ambao si wazee. Wako vijana ambao valvu zao ziliharibiwa na maambukizi ya koo ya utotoni yaliyofuatwa na homa ya baridi yabisi. Wako akina mama ambao moyo ulipanuka mwishoni mwa ujauzito au miezi ya mwanzo baada ya kujifungua. Kijana wa miaka 22 mwenye valvu iliyobana anaweza kuonekana mwenye nguvu kuliko mzee wa miaka 70 mwenye stenti, kumbe yeye ndiye anayepaswa kuwa mwangalifu zaidi. Kama uko katika kundi hili, muulize daktari swali mahususi: valvu yangu, au moyo wangu ulivyopanuka, unaniruhusu kiasi gani cha kuhema? Jibu lake ndilo liongoze mwendo wako, si umri wako.

4. Lini uvae, lini uvue

Mwezi Juni 2020, Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wasivae barakoa wakati wa mazoezi, kwa sababu jasho huilowesha upesi, kupumua kunakuwa kugumu na vijidudu hupata pa kuzalia; badala yake wakae mbali na wengine angalau mita moja. Ushauri huo bado ni mahali pazuri pa kuanzia. Uliza kwanza: nawezaje kupanga zoezi hili nisihitaji barakoa?

*Vua* ukiwa nje, mahali pa wazi, hewa safi na watu wachache: ufukweni asubuhi, uwanja wa shule baada ya masomo, njia za msitu wa Karura kwa walioko Nairobi, shambani. Iweke mfukoni kwenye bahasha ya karatasi kwa ajili ya kurudi kwa basi.

*Vaa* ukiwa ndani ya chumba chenye watu wengi na hewa isiyozunguka, kwenye korido za hospitali, katika mazoezi ya tiba hospitalini kama kituo kimeagiza, na ukikaa nyumba moja na mgonjwa wa kifua kikuu ambaye ndiyo kwanza ameanza dawa. Mafua makali na Uviko vyenyewe huweza kuuangusha moyo uliokuwa umetulia, kwa hiyo kujikinga navyo ni sehemu ya tiba ya moyo.

*Vaa inayochuja, au badilisha njia*, ukilazimika kupita penye moshi na vumbi. Kubadilisha njia ndiyo dawa bora. Anayeishi kando ya barabara ya Morogoro, Dar es Salaam, akiingia mitaa ya ndani mita 200 hivi, atakuwa ameacha sehemu kubwa ya moshi wa malori nyuma yake. Epuka saa za foleni. Epuka pia saa ambazo majirani wanachoma taka au wanawasha majiko ya mkaa uani. Moshi huo ni chembechembe laini zilezile.

*Kaa nyumbani* kama wewe ndiye unayekohoa. Barakoa haikupi ruhusa ya kufanya mazoezi ukiwa mgonjwa.

5. Chagua barakoa inayokufaa

*Ya upasuaji*, ile ya bluu au ya kijani, ndiyo nafuu kwa mtu anayetembea. Ni nyepesi na huruhusu hewa kupita kwa urahisi. Ina upande mmoja wenye waya mwembamba: ubonyeze ukae juu ya pua, kisha vuta upande wa chini ufunike kidevu. Ikikaa vizuri miwani haishiki ukungu.

*Ya kitambaa* yenye tabaka mbili au tatu za pamba inafaa pale lengo ni kuzuia matone ya kikohozi. Haifai kwa moshi wa magari. Upande wa kanga uliozungushwa usoni hukinga macho ya watu na vumbi kubwa, lakini chembechembe laini zinapita.

*N95 au FFP2* ndiyo inayochuja kweli, na ndiyo nzito zaidi kuvuta hewa. Itumie kwa mwendo wa polepole: kupita kipande cha barabara chenye moshi, kukaa kwenye foleni ya kliniki, kumhudumia mgonjwa. Ile yenye kitobo cha plastiki mbele hurahisisha kutoa pumzi na hupunguza joto. Inakukinga wewe, lakini haiwakingi ipasavyo waliokuzunguka, kwa hiyo usiitegemee penye mgonjwa dhaifu kama nawe una mafua.

*Usitumie* zile barakoa nene za mpira zenye vitundu vya kurekebisha, ambazo wanariadha huvaa makusudi ili kupumua kuwe kugumu. Hizo hazikutengenezwa kwa ajili yako.

Beba ya akiba kila mara, maana adui mkubwa ni unyevu. Itazame barakoa ya upasuaji baada ya dakika 20 za kutembea Tanga au Mombasa mwezi Februari: katikati, mbele ya mdomo, pametota na rangi imekoza. Ukivuta pumzi, kile kipande kilicholowa kinanyonywa na kugandia matundu ya pua. Ukitoa pumzi, hewa inakwepa pembeni na kukupuliza machoni. Hapo haichuji tena inavyopaswa, na ndiyo imekuwa ngumu kuliko ilivyokuwa kavu. Jitenge na watu, ivue kwa kushika kamba za masikio, futa uso, vaa nyingine kavu. Usiigeuze ndani nje.

6. Jinsi ya kutembea nayo

*Ijaribu umekaa.* Kabla ya siku ya kwanza, vaa barakoa nyumbani dakika 10 ukiwa umekaa, kisha dakika 5 ukizunguka uani. Kama hilo tu linakusumbua, badilisha aina kabla ya kutoka, na kama bado inakusumbua, mwambie daktari.

*Anza taratibu.* Dakika 5 hadi 10 za mwanzo ziwe za mwendo wa kwenda dukani. Misuli na mishipa hupata nafasi ya kufunguka. Barakoa inahitaji utangulizi mrefu zaidi, si mfupi.

*Pima kwa salamu.* Hiki ndicho kipimo chepesi kuliko vyote, na hakihitaji saa wala simu. Tembea na mwenzako, msalimiane salamu kamili: habari za nyumbani, watoto hawajambo, kazi zinaendaje, mgonjwa anaendeleaje. Ukiweza kuitikia kwa sentensi nzima huku pumzi imeongezeka, mwendo ni sawa. Ukiweza kuimba, umelegea mno. Ukiishia "salama" na kunyamaza kutafuta hewa, umezidi. Punguza papo hapo. Barakoa huibana sauti, kwa hiyo angalia pumzi yako, usiangalie kama mwenzako amesikia.

*Jipe alama.* Gunnar Borg, mwanasaikolojia wa Sweden, alitunga vipimo vya kujihisi ambavyo vinatumika kliniki za moyo duniani kote. Kimoja kinakwenda kutoka 0, umepumzika kabisa, hadi 10, huwezi kuendelea. Lenga 3 hadi 4. Ukivaa barakoa, mwendo wa jana uliokuwa 3 unaweza kuwa 5 leo. Usiung'ang'anie mwendo wa jana. Shuka mpaka alama irudi 3. Utakuwa umetembea umbali mfupi zaidi, na moyo utakuwa umefanya kazi ileile uliyotaka ufanye.

*Usitegemee mapigo peke yake.* Kama unameza atenolol, bisoprolol, carvedilol au dawa nyingine za kundi hilo, mapigo hayapandi sana hata ukijichosha. Saa ya mkononi itakwambia uko salama wakati mwili unalalamika. Sikiliza mwili.

*Kata vipande.* Tembea dakika 3, kisha dakika 1 ya polepole. Kama hakuna watu karibu, tumia dakika hiyo kuishusha barakoa na kupata hewa. Vipande vitano vya namna hiyo ni bora kuliko dakika 20 mfululizo za kujikaza.

*Pandisha polepole.* Kama daktari hakukupa ratiba nyingine, wiki ya kwanza fanya dakika 10 kwa siku mahali tambarare, siku tano. Wiki ya pili dakika 15, ya tatu 20, kisha 25 hadi 30. Kipimo cha jumla cha Shirika la Afya Duniani ni angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki. Huna haja ya kukifikia mwezi huu. Kama ulishazoea dakika 30 bila barakoa, siku ya kwanza ya barakoa kata nusu. Ongeza muda kwanza, kilima baadaye, kasi mwisho.

*Angalia saa na joto.* Joto huupa moyo kazi ya pili ya kupeleka damu kwenye ngozi ili mwili upoe. Pwani, tembea alfajiri au baada ya alasiri kupoa. Aliyeko Muscat kiangazi, nje kukiwa na zaidi ya nyuzi 40, atembee ndani ya jengo la maduka lenye kiyoyozi. Kama moyo wako ni dhaifu na umepangiwa kiasi cha maji cha kunywa, au unameza furosemide, ambayo wengi huiita Lasix, usiongeze maji kwa kubahatisha. Uliza kliniki ufanye nini siku za joto na jasho.

*Angalia mwinuko.* Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa huko ni dogo kuliko la pwani kwa karibu asilimia 18. Anayetoka Mombasa au Dar es Salaam kwenda huko atembee nusu ya kawaida yake siku chache za kwanza, na N95 asiivae wakati wa kupanda kilima.

*Maliza taratibu.* Usisimame ghafla wala usikimbilie kukaa. Tembea polepole dakika 5 hadi 10 mpaka pumzi itulie, hasa kama dawa zako zinashusha presha, maana ukisimama ghafla damu hubaki miguuni na kizunguzungu kinakuangusha.

Wenye kifaa cha kubana kidole cha kupima oksijeni wakitumie kwa busara. Kwa wengi usomaji wa 95 au zaidi ni wa kawaida, na ukishuka chini ya 90 simama na utafute msaada. Lakini kwenye ngozi nyeusi kifaa hiki huweza kusoma juu kuliko hali halisi, na rangi nzito ya kucha au piko kidoleni huweza kukipotosha. Ukijisikia vibaya huku kifaa kinaonyesha namba nzuri, amini mwili.

7. Ukiona haya, simama papo hapo

- Kifua kubana, kuuma au kuwa kizito, au maumivu yanayopanda shingoni, tayani au mkononi.
- Kuhema kusikotulia baada ya dakika chache za kupumzika.
- Kizunguzungu, giza machoni, au kutaka kuzimia.
- Mapigo kwenda mbio ghafla au kurukaruka.
- Jasho la baridi, kichefuchefu, au uchovu wa ghafla usio na maelezo. Wanawake na wenye kisukari mara nyingi hupata hizi bila maumivu ya kifua.

Fanya hivi: simama, kaa kivulini, vua barakoa, legeza nguo shingoni. Kama daktari alikupa kidonge au dawa ya kupuliza ya kuweka chini ya ulimi, itumie ukiwa umekaa, kwa sababu hushusha presha ghafla. Usiitumie kama ndani ya siku mbili zilizopita umetumia dawa za nguvu za kiume kama sildenafil au tadalafil. Presha inaweza kuporomoka. Maumivu yakiendelea zaidi ya dakika 5, hiyo ni dharura: aliye karibu nawe atafute gari la kukupeleka hospitali. Usitembee kurudi nyumbani "kuona kama itapoa", na usiendeshe gari mwenyewe.

Kwa sababu hiyo usitembee peke yako wiki za mwanzo. Beba simu, karatasi yenye majina ya dawa zako na namba ya ndugu, na umwonyeshe mwenzako dawa ya chini ya ulimi ilipo.

8. Usiitupie barakoa lawama

Hatari kubwa ya barakoa kwa mgonjwa wa moyo ni kwamba inampa kisingizio. Moyo unaanza kushindwa, mtu anahema, halafu anasema "ni hii barakoa." Anaivua, anakaa, anapata nafuu, na anaamini amethibitisha. Kumbe hajathibitisha chochote: maumivu ya moyo nayo hutulia mtu akikaa. Alifanya mambo mawili kwa pamoja, na hawezi kujua lipi lilimsaidia.

Njia ya kutofautisha ni kulinganisha siku kwa siku. Barakoa ni ileile, njia ni ileile, saa ni ileile. Kama wiki iliyopita ulifika kwenye mwembe wa kona kwa alama 3, na wiki hii unafika kwa alama 6, basi kilichobadilika si barakoa. Jipime uzito kila asubuhi baada ya kwenda haja, kabla ya chai. Ukiongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku tatu, maji yanajaa mwilini. Wasiliana na kliniki siku hiyohiyo, usisubiri tarehe ya kadi.

Nunua daftari dogo na uandike mistari minne kila siku ya mazoezi: dakika, aina ya barakoa au bila, alama ya kuchoka, uzito wa asubuhi. Ukienda kliniki, iwe ni zahanati ya kata au Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, liweke mezani kabla ya kuulizwa. Daktari ana dakika chache tu na wewe, na maneno "nachoka siku hizi" hayamwambii mengi. Akiona alama zimepanda kutoka 3 hadi 6 kwa mwendo uleule, atajua aangalie dawa, presha au valvu. Akiona zimepanda siku za N95 tu, atakwambia ubadilishe barakoa na uendelee kutembea.